Kabla Hujapaka Rangi, Chungulia Chini

Najua, nimepotea. Wengine mmeniandikia kuuliza kama naumwa, na mmoja (unajijua) akauliza kama nimerudi Bongo kimyakimya ili nikwepe kumbebea zawadi. Hapana jamani. Nipo Minnesota, mzima kabisa, ila tangu Mei vidole vyangu havifai kwa kuandika. Vimejaa vibanzi vya mbao, na kucha zina rangi ya kahawia ambayo haitoki hata kwa petroli. Nilikuwa najenga deki.

Kabla hamjaanza kunicheka: najua kwetu ukisema deki mtu anafikiria ndoo, maji na tambara. Kupiga deki. Huku Marekani deki ni baraza la mbao nyuma ya nyumba. Halina paa, limeinuliwa kutoka ardhini kwa nguzo, limeshikana na ukuta, na mlango wa jikoni unafungukia hapo. Ukitaka kulipata vizuri, chukua sitaha ya jahazi, ing'oe, halafu ibandike nyuma ya nyumba ya mtu.

Kazi yake ni ile ile ya baraza la pwani, yaani watu wakae. Lakini kuna tofauti mbili. Ya kwanza, baraza letu liko mbele, linatazama mtaa, na mpita njia anasalimu na kukaribishwa. Deki iko nyuma, inatazama uzio, na huketi mpaka ualikwe. Ya pili, baraza la pwani ni mawe na chokaa, limelala juu ya ardhi, halina pa kuangukia. Deki inaning'inia. Hii tofauti ya pili ndiyo imenifanya niandike leo.

Basi bwana. Mimi naishi kwa Baba Mdogo, katika mji mdogo kaskazini mwa Minneapolis. Nalala chumba cha chini kabisa, nusu kimezama ardhini, na dirisha langu linatazama uvungu wa deki. Kwa hiyo wakati wenye nyumba wanaiona deki kwa juu, na viti na maua na jiko la nyama, mimi naiona tumboni. Kila asubuhi nikifungua pazia nakutana na tumbo la deki.

Mwaka huu mdogo wangu, binti wa Baba Mdogo, alikuwa anamaliza sekondari. Huku Minnesota hilo si jambo dogo. Juni ikifika, familia inafungua nyumba mchana mzima, watu wanaingia na kutoka, wanakula, wanampongeza mtoto, wanaacha bahasha. Unaalika shule, kanisa, kazini, majirani, na Watanzania wote unaowajua na usiowajua. Na kwa kuwa majira ya joto hapa ni mafupi kama usingizi wa mlinzi, kila mtu anataka kukaa nje. Yaani juu ya deki.

Mwezi wa nne Baba Mdogo akaja na makopo mawili ya rangi ya mbao. Si rangi kama ya ukutani inayokaa juu kama ngozi. Hii ni ya mafuta, nyepesi, mbao inainywa, na mistari yake inaendelea kuonekana. Mbao za deki zilikuwa zimegeuka kijivu kama punda, na hapa na pale zimepasuka.

"Kazi yako hiyo," akaniambia. "Wikiendi mbili tu. Osha, ikauke, paka. Basi."

Sasa, kazi yangu ya kila siku ni kuandika habari za mabaraza ya miji kwa gazeti dogo la huku. Barabara, maji taka, bajeti. Kazi hiyo imeniachia ugonjwa mmoja: nikiambiwa kitu kinahitaji kupendezeshwa tu, nataka kwanza nione kwa chini. Nikachukua tochi na bisibisi, nikatambaa uvunguni.

Nilikuta mambo matatu. Naomba mwenye deki, mwenye roshani ya mbao, au mwenye shangazi anayekaa kwenye nyumba ya namna hiyo asome hapa polepole.

La kwanza ni ule ubao mrefu unaolala ukutani, ambao boriti zote za deki zinauegemea. Mimi nauita ubao mama. Ulikuwa umeshikwa na nyumba kwa misumari. Nilimulika kuanzia mwanzo hadi mwisho: misumari, misumari, misumari. Bolti hata moja hamna. Msumari ni hodari ukitaka kuzuia kitu kisiteleze kwenda chini. Lakini ukiuvuta moja kwa moja kuelekea ulikotokea, unatoka, na ndiyo maana nyundo ina kucha nyuma. Watu wakijaa juu ya deki, wakacheza, wakaegemea kingo, wanaivuta deki itoke ukutani. Yaani wanaing'oa ile misumari, wote kwa pamoja, huku wakicheka.

La pili, juu ya ubao mama hapakuwa na bati la kuelekeza maji. Kila mvua na kila theluji iliyoyeyuka ilikuwa inapita kati ya ubao na ukuta, na kukaa humo. Ubao ulikuwa mweusi. Nikaugusa kwa bisibisi, ikazama karibu sentimita 3 bila kusukumwa, kama kwenye papai bivu. Ubao wenyewe una unene usiofika sentimita 4.

La tatu, nguzo za mbele zilisimama juu ya matofali ya zege yaliyowekwa tu juu ya udongo. Moja ilikuwa imeinama kama mtu anayesikiliza umbea.

Nilikaa pale uvunguni kwa muda. Nikakumbuka Chicago, tarehe 29 Juni 2003, vibaraza vya mbao vya nyuma ya jengo la ghorofa vilipoporomoka usiku kwenye sherehe, vimejaa vijana. Watu 13 walikufa. Nikakumbuka Berkeley, California, tarehe 16 Juni 2015, roshani ilipokatika kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Wanafunzi 6 walikufa, 5 kati yao walikuwa wametoka Ireland kuja kufanya kazi za likizo. Jengo lile halikuwa na hata miaka 10, lakini boriti zake zilikuwa zimeoza ndani kwa maji yaliyonaswa humo. Kwa nje lilikuwa linapendeza.

Angalia jambo moja: zote mbili zilikuwa sherehe. Mtu mmoja akinywa chai juu ya boriti iliyooza, inamvumilia. Inamvumilia miaka. Uozo unasubiri siku umewaita wote unaowapenda.

Kanuni za ujenzi za huku zinataka deki ibebe ratili 40 kwa kila futi moja ya mraba. Ya Baba Mdogo ni futi 12 kwa 16, yaani futi za mraba 192. Piga hesabu: ratili 7,680, karibu kilo 3,480. Ni watu zaidi ya 40 wenye kilo 80 kila mmoja. Na wale wa kwetu tukishakula pilau, sizungumzii kilo 80.

Haya, sasa unamwambiaje mzee kwamba deki yake imeoza? Nyumba hii ndiyo jasho lake. Alifanya kazi mbili kwa miaka kuipata, na picha ya ile deki ndiyo aliyowatumia ndugu nyumbani siku aliyohamia. Kwanza nilipitia kwa Mama Mdogo, kama ilivyo desturi. Halafu, kwa kuwa majalada ya vibali vya ujenzi ni wazi kwa umma, nikaenda ofisi ya mji kuomba la nyumba yetu. Kibali cha paa kilikuwepo. Kibali cha mtambo wa kupasha maji kilikuwepo. Cha deki hakikuwepo kabisa. Aliyeijenga, miaka mingi kabla ya Baba Mdogo kununua, aliijenga kimyakimya na hakuna mkaguzi aliyewahi kuitazama.

Jioni nikamfuata.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umeshaosha?"

"Bado, Baba. Naomba uje unisaidie kutazama kitu huku chini."

Sikumweleza mengi. Nilimpa tochi na bisibisi, nikamwonyesha pa kugusa. Akasukuma. Ikazama. Akajaribu pembeni, ikazama. Akanyamaza, halafu akauliza, "Mwaka jana kwenye ubatizo tulikaa hapa juu watu wangapi?"

"Kama 30, Baba."

Hakusema kitu. Akaifuta bisibisi kwenye suruali, akapanda ndani, akaufunga mlango wa deki na ufunguo akautia mfukoni.

Tukapiga simu kutafuta wajenzi. Wa kwanza nafasi yake ilikuwa Septemba. Wa pili alitaja bei ambayo Mama Mdogo alidhani ni ya nyumba nzima. Sherehe ilikuwa imebaki wiki 7. Ni Mama Mdogo aliyesema, "Si kuna yule mzee wa Tanga?"

Yule mzee wa Tanga sote tunamfahamu. Ni yule anayefika kwenye kila msiba, anapanga viti, anaondoka bila kuaga. Usiku anasafisha maofisi. Mimi nilikuwa nimemsalimia miaka minne, shikamoo marahaba, na sikuwahi kumuuliza alikuwa nani kabla hajaja huku. Kumbe alikuwa seremala. Milango, vitanda, makabati ya mninga na mvule, na kabla ya hapo alifundishwa kuezeka na baba yake. Hapa hana karatasi inayosema hivyo, kwa hiyo hapa ni mtu wa ndoo na fagio.

Alikuja Jumamosi na penseli sikioni. Nikadhani ataomba mashine. Aliomba kamba na vigingi. Akapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, akahakikisha kati yake ni futi 5 kamili, na hapo akajua pembe imekaa mraba. Akachukua ubao wa mbili kwa nne tulionunua, akaupima, akaupima tena, akaniita. "Mwanangu, hii si mbili kwa nne." Kweli! Huku mbili kwa nne ikisharandwa inabaki inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, na jina halibadiliki. "Wanapunja nao!" akacheka mpaka akakaa chini.

Yeye ndiye aliyechora ramani, kwa penseli na rula, kwenye karatasi ya miraba ya shule. Wakati anachora alinieleza kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukifikiria. Nyumba za zamani za mawe za pwani yetu zina vyumba virefu na vyembamba, upana mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Sababu yake ni boriti za mikoko. Boriti ndiyo inayobeba dari, na haifiki mbali zaidi ya hapo. "Boriti inamwambia fundi chumba kiwe na upana gani," alisema. "Fundi akibisha, dari itamjibu." Nilipomsomea jedwali la kanuni za hapa, kwamba boriti ya unene huu ifike hapa tu, na kati ya moja na nyingine ziwe inchi 16, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu. Baba Mdogo akapeleka ile ramani ofisi ya mji, na kibali kikatoka.

Siku ya kubomoa walikuja vijana kumi na mtaimbo. Ubao mama haukuhitaji hata kuvutwa sana. Nyuma yake ukuta wenyewe ulikuwa umeanza kuoza, ikabidi tukate kipande na kuweka kipya. Usipoziba ufa... mnajua wenyewe.

Hapo palitokea jambo ambalo lazima nilisimulie, maana najua litatokea kwingine. Jamaa mmoja alitazama lile lundo la mbao kavu akafurahi. "Hizi Jumapili zinachoma mbuzi mzima!" Jamani, HAPANA. Mbao za nje za zamani hapa Marekani, zile zenye ukijani kwa mbali, zilitiwa dawa yenye kromiamu, shaba na aseniki. Aseniki, sumu ile ile unayoijua. Viwanda vilikubali kuacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, lakini deki nyingi za kabla ya hapo bado zimesimama. Ukizichoma, sumu inatoka kwenye moshi na inabaki kwenye majivu. Usipikie, usiote moto wake, usifanye majivu yake kuwa mbolea ya mchicha. Zetu tulizipeleka zote kwenye jalala linalopokea mbao za aina hiyo. Mbuzi alichomwa kwa mkaa, kama binadamu.

Halafu mashimo. Kabla ya kuchimba huku unapiga namba 811, bure. Siku chache baadaye wanakuja kuweka alama za rangi kwenye nyasi: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, bluu ni maji, chungwa ni simu na intaneti, kijani ni maji taka. Bomba la gesi lilipita mita moja tu kutoka shimo letu la kwanza. Usipopiga simu, jembe lako ndilo litakalokuambia.

Shimo lenyewe lina kina cha inchi 42, zaidi ya mita moja. Nilipomwambia Mzee alidhani nimekosea kusoma. Tanga huchimbi mita nzima kwa ajili ya nguzo ya kibaraza! Lakini hapa ardhi yenyewe inaganda. Maji yakiwa barafu yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na udongo wenye maji ukiganda unainua kila kilichokaa juu yake, nguzo na deki pamoja. Masika ukiyeyuka unashusha, lakini haushushi sawasawa. Ndiyo maana ile nguzo ya zamani iliinama. Kusini mwa Minnesota, na sisi tumo, msingi lazima ufike inchi 42, na kaskazini ya jimbo ni inchi 60, ili ukae chini ya pale baridi inapofika. Mkaguzi anakuja kupima mashimo yakiwa matupu, kabla hujamwaga zege. Alishusha futi yake mara tatu, akaandika, akaondoka.

Zege liliposhika, kazi ikawa tamu. Ubao mama mpya ulifungwa kwa bolti za nusu inchi zilizopenya hadi kwenye mbao nene za nyumba, moja juu moja chini, kwa nafasi zilizoandikwa kwenye jedwali. Juu yake bati, lililoingia nyuma ya ukuta wa nje ili maji yateremke mbele ya ubao na si nyuma yake. Na bati lisiwe la alumini! Dawa mpya za mbao hazina aseniki lakini zina shaba nyingi, na shaba inakula alumini na chuma cha kawaida. Bolti, misumari na vile vishikio vya bati vinavyopokea ncha za boriti lazima viwe vimechovywa kwenye zinki, au viwe vya chuma kisichoshika kutu. Tofauti ya bei ya misumari yote ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbuzi.

Vishikio vile vina matundu mengi, na kijana mmoja alikuwa anapiga misumari kwenye nusu ya matundu ili amalize haraka. Mzee alikuja nyuma yake, hakumfokea. Alimwuliza tu, "Mama yako atakuja siku ya sherehe?" Kijana akarudi kujaza matundu yote.

Ukingo tuliupa kimo cha inchi 36, na kati ya fito na fito pasipite mpira wa inchi 4, maana papitapo mpira huo kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kupita pia. Mzee alikwenda na mpira kila pengo, moja baada ya jingine, kama mchezo.

Mkaguzi alirudi siku 9 kabla ya sherehe. Alitambaa uvunguni, mahali pangu, akakaa huko muda mrefu. Alitoka na vumbi magotini, akauliza nani kajenga. Baba Mdogo angeweza kusema "mimi", maana kibali kina jina lake. Akamwonyesha Mzee. Mkaguzi akampa mkono, akasema, "Kazi safi," akasaini kadi.

Jioni watu walipoondoka Mzee aliniita pembeni. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama naweza kumtolea nakala ya ile kadi. Jina lake halimo, nilimwambia. Akasema anajua, anaitaka hivyo hivyo. Nikamtolea mbili. Halafu nikafanya kile ambacho kazi yangu inaniruhusu kufanya. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaeleza kazi ipi alifanya na lini, nikabandika picha za kila hatua, Baba Mdogo akasaini kama mwenye nyumba. Si cheti. Ila akienda kuomba kazi kwa mjenzi, ana kitu cha kuweka mezani kando ya mikono yake.

Na rangi je? Hapo ndipo Mama Mdogo aliponuna. Mbao mpya zenye dawa huja zimelowa. Ukizipaka kabla hazijakauka hazinywi, na rangi inabanduka. Unadondosha matone ya maji juu ya ubao: yakikaa kama shanga, subiri, na yakizama ndani ya dakika chache, iko tayari. Siku ya sherehe yalikaa kama shanga. Kwa hiyo mdogo wangu alipigwa picha za maisha yake juu ya deki yenye ukijani, haijapakwa chochote, na mihuri ya kiwanda bado inasomeka. "Wageni watasema tumeishiwa," alilalamika Mama Mdogo. Walikuja wengi mno. Wakati wa muziki nilihesabu 37 juu ya deki kwa mpigo, wanaruka. Mimi nilishuka uvunguni na sahani yangu nikatazama juu. Hakuna kilicholia. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuwa karibu kabisa na mgeni njoo, wote tuvunjike.

Tulipaka mwisho wa Agosti. Kwa faida ya wanaojiandaa: osha kwa dawa ya mbao na brashi, taratibu. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu inachana nyuzi, ubao unaota manyoya. Acha siku mbili tatu kavu. Piga msasa mwepesi, usiulainishe kama meza, maana ubao laini sana haunywi. Paka asubuhi kwenye kivuli, nyuzi joto kati ya 10 na 30, pasiwe na mvua siku inayofuata. Paka ubao mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, usiishie katikati, la sivyo pataacha doa. Baada ya dakika 15 au 20 futa kilichobaki juu. Rangi ambayo mbao haikuinywa haina kazi, itanata tu viatu.

Na matambara uliyofutia! Usiyarundike. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na tambara likikunjwa joto halina pa kutokea, linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yawe makavu kabisa, au yatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike. Nyumba zimeungua kwa ajili ya tambara.

Sasa deki ina rangi ya asali, na Mama Mdogo amesamehe. Rangi hiyo ina faida yake ya kweli, inazuia maji na jua, na baada ya miaka miwili mitatu tutairudia. Siidharau. Ninachosema ni kwamba ingekaa vizuri vile vile kwa juu ya ile deki ya zamani. Ingependeza, tungepiga picha, na watu 37 wangeruka juu ya misumari.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ukiona makopo ya rangi yananunuliwa, iwe ni deki ya Marekani, roshani ya mbao au kibaraza cha shule, chukua bisibisi ya shilingi chache kwanza. Nenda pale mbao inaposhikana na ukuta. Sukuma. Ikigoma, endelea na rangi yako kwa amani. Ikizama, funga mlango, tia ufunguo mfukoni, halafu mtafute fundi. Huenda ndiye yule mzee unayemsalimia kila msiba bila kumuuliza alikuwa anafanya kazi gani.

Kama na wewe una habari ya deki, roshani au fundi wa namna hii, iandike hapo chini. Nitasoma zote. Vidole vimeanza kupona.